Lete Kiatu, Mtani

Jumatatu, 4 Machi 1996. Kibiti

Daftari hili nimepewa ofisini kwa sababu limelowa pembe moja na hawalitaki. Nami sitaki liende kufungia karanga. Nitaandika humu mpaka masika yaishe, Mungu akinipa macho. Tabu anaota jino la pili. Jana tumelala kwa zamu, yeye analia, mie nabembeleza.

Niandike kazi yangu isije ikasahaulika. Mradi wetu unaorodhesha kaya: watoto na wajawazito, kijiji kwa kijiji. Mie naandika majina kwenye fomu. Mwandiko ndio ulionipa kazi, si kile kidato cha pili nilichoishia. Kompyuta tunayo moja, mpya, ya wafadhili, na jenereta inawashwa saa nne mpaka saa sita tu, mafuta yakizidi hapo Mratibu anatoa macho. Anayeiandikia programu ni Tamimu, Mnyamwezi wa Tabora, kijana wa chuo, viatu vinang'aa hata kwenye tope. Mnyamwezi kwetu Wandengereko ni mtani, kwa hiyo nilipofika tu aliniuliza kama huwa naoga na mamba. Nikamwambia mamba ana akili, hakai na mtu aliyetembea kutoka Tabora na mzigo kichwani asijue anauza nini.

Ijumaa, 8 Machi

Nahodha Kondo, mwenye boti ya Nyamisati, kaleta barua kutoka Mtangani, ndani kabisa ya delta, pamoja na disketi yetu ya programu. Disketi imekataa. Ya Januari ilikataa na hii nayo imekataa.

Barua ni ya Bi Siti, nesi wa kule. Ameandika: "Kwa Ofisi. Mashine imesoma disketi yenu, ikaguna, ikaandika Syntax error in 340. Huyo Syntax simjui, kijiji hiki hayupo wala mkewe hajaja kliniki. Naombeni majina ya watoto wangu."

Mie nilicheka. Mratibu hakucheka. Alisema, "Boti ya mwisho kabla mvua hazijafunga njia ni Alhamisi tarehe ishirini na tano Aprili. Mara ya tatu ikikataa, mashine ya Mtangani inarudi hapa, naipeleka kata yenye barabara."

Tamimu akatazama viatu vyake.

Mashine ya Mtangani ni kompyuta ya kubeba, kuukuu, inakula jua kupitia kioo kilichofungwa juu ya bati. Kazi yake kila Jumatatu ni kumwambia Bi Siti nani zamu yake ya chanjo, nani zamu yake ya kupimwa mimba. Kabla yake yalikuwa madaftari. Mwaka juzi maji ya bamvua yaliingia zahanati na kuyafanya uji. Watoto kumi na mmoja walipitwa na sindano ya surua, wawili wakaugua, mmoja hadi leo jicho moja halioni vizuri. Nimeandika majina yao mwenyewe kwenye fomu mpya, kwa hiyo nawajua.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Nepi hazikukauka.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimemuuliza Tamimu, mbona programu hapa inakwenda, kule inakataa?

Alinijibu vizuri, bila kejeli, nikashangaa. Anasema lugha ni moja, inaitwa Beziki, ila ya kwetu ni toleo jipya na ya Mtangani ni toleo la zamani. Ni kama babu na mjukuu. Mjukuu anamwelewa babu, babu hamwelewi mjukuu na misemo yake ya Dar es Salaam.

"Sasa si uijaribu kwanza kwa babu?"

"Babu yuko wapi, Mama Tabu? Disketi ya lugha ya zamani ipo moja, iko Mtangani, na mashine ya kule haiwaki bila hiyo. Nakala yetu imeota ukungu. Mpaka niende kwa gari, nipande boti, nilale huko. Mratibu haniachii."

"Na kitabu cha babu?"

Akanitolea fotokopi ya kitabu cha lugha ya zamani, kurasa zimeshikwa kwa uzi. Nikaufungua ule mstari wa 340 kwenye karatasi ya programu, nikatafuta. Mstari umeanza na SELECT CASE. Kwenye kitabu cha babu maneno yote ya lugha yamepangwa, A mpaka W. Nilipita yote kwa kidole. SELECT CASE haimo.

"Mtani," nikamwambia, "neno hili babu halijui."

"Wee, Kiingereza umekijulia wapi?"

"Sijakijua. Nimetazama limo au halimo. Hilo hata kuku anaweza."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yatakuwepo mengine."

"Basi nipe karatasi zote."

Jumanne, 12 Machi

Kazi niliyojipa: kusoma programu nzima kwenye karatasi, kurasa thelathini na nne, kabla haijakwenda popote. Jenereta haihitajiki. Naweka kijiti kama tulivyofanya madrasa, neno kwa neno, nauliza kila neno: babu analijua? Nisilolikuta kitabuni nalizungushia kalamu nyekundu.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanawetu, alinitazama kwa muda huku anachambua mchele.

"Unasoma nini, mke wa Mshamu?"

"Maneno ya kompyuta, mama."

"Yanasema nini?"

"Sijui yanasema nini. Natazama kama yanaruhusiwa."

"Haya," akasema. "Kumbe serikali imeajiri bawabu wa maneno."

Alhamisi, 14 Machi

Tabu ana homa. Sikusoma.

Ijumaa, 15 Machi

Homa imeshuka. Jino limetoka, kali kama la panya. Ziwa langu ndilo shahidi.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefika ukurasa wa kumi na mbili, maduara mekundu tisa. Nilimpelekea Tamimu mbele ya wenzetu wa fomu. Akaanza, "Mama Tabu, wewe shika majina, programu niachie mimi, nimesomea." Kila mtu akageuka kuniangalia.

Angekuwa mtu mwingine ningerudi kwenye kiti changu. Mtu wa kidato cha pili hamkosoi mtu wa chuo mbele za watu. Lakini mtani hana chuo. Niliinama, nikamvua kiatu cha kushoto, nikakipeleka mezani kwangu, nikakifunika kwa ungo wa fomu.

"Kimekamatwa," nikasema. "Kitakombolewa duara la tisa likitoka."

Wenzetu walipiga vigelegele. Mtani akikamata kitu chako huwezi kununa, ukinuna umeshindwa. Tamimu alifanya kazi mpaka saa sita kwa kiatu kimoja, soksi moja imetoboka dole gumba, na Mratibu alipopita akauliza, akaambiwa, akasema tu, "Sheria ya utani siiwezi."

Saa sita maduara tisa yalikuwa yamerekebishwa. Nikamrudishia, nimekipaka na rangi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Barabara ya Mchukwi imekatika mara mbili leo.

Jumapili, 24 Machi

Barua ya Mshamu kutoka Mkongo. Yuko dunguni analinda mpunga, nguruwe usiku, ndege mchana. Anauliza Tabu ameanza kutambaa? Anauliza mvua za huku. Mwisho anauliza, "Nasikia unasoma kompyuta bila kuiwasha, ni kweli au wanakutania?" Nimemjibu: vyote viwili.

Alhamisi, 28 Machi

Tamimu amebadilika kidogo. Zamani akiandika kitu kipya ananificha. Sasa kabla hajaandika anauliza kwa mbali, "Mama Tabu, babu anajua DO?" Nami nafungua daftari langu, maana sasa yale yaliyokatazwa nimeyaorodhesha. "Hajui. Anajua WHILE." "Ahsante." Kama watu wanaoulizana bei ya dagaa.

Jumanne, 2 Aprili

Mama mkwe amechoka nami. Anasema, "Kusoma gani huko kusikoisha? Hata msahafu una khitma."

Nikamwambia khitma yake tarehe ishirini na tano.

Ila baadaye alimchukua Tabu mgongoni bila kuombwa, akaondoka naye mpaka kwa jirani, na mie nikasoma kurasa tatu kwa mkupuo mmoja.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo nilihesabu kurasa za kitabu cha babu nikakuta wa tisa haupo. Wa nane upo, wa kumi upo. Nimemuuliza mama mkwe, akasema hajaona. Labda haukutoka kwenye mashine ya fotokopi. Orodha ya maneno inaanzia wa kumi na moja, kwa hiyo haidhuru.

Jumatano, 10 Aprili

Nimempeleka Tabu Mchukwi kwa sindano ya surua, ametimiza miezi tisa. Foleni ilifika nje. Alipochomwa alimtazama nesi kwa hasira, kisha akanitazama mie, kama ananiuliza, na wewe ulijua? Nilijua, mwanangu. Njia nzima nilifikiria kwamba mie nimejua siku yake kwa sababu kadi iko kabatini na bati halivuji. Mtangani mama anasubiri aambiwe.

Jumatatu, 15 Aprili

Tatizo limebaki moja kubwa. Toleo jipya linaruhusu sharti liandikwe kwa ngazi: kama mtoto ametimiza miezi tisa, shuka, fanya hili, shuka, fanya lile, halafu funga kwa END IF. Babu END IF haijui. Kwa babu sharti lote liishe kwenye mstari mmoja.

Tamimu amezimimina ngazi zote. Kila ngazi imekuwa mstari mmoja mrefu. Nimezisoma, kila neno babu analijua. Hakuna duara.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemaliza ukurasa wa thelathini na nne. Safi! Tamimu alininunulia soda, akajinunulia na yeye, tukanywa tumesimama kama watu waliotoka kufunga mkataba.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili (nayaandika ya jana, jana sikupata mkono)

Jana Jumatano disketi ilikuwa tayari bahashani. Gari lingeondoka alfajiri ya leo kwenda Nyamisati, nahodha Kondo asubiri hapo maji yakijaa. Mie baada ya adhuhuri nilirudi nyumbani kupumzika. Tabu amelala, nimeshika kitabu cha babu kwa mazoea tu, kama mtu anayegusa mfuko kuona ufunguo upo. Nikasoma mwisho wa ukurasa wa nane, kwa kamusi, neno kwa neno. Ulisema: mstari mmoja wa programu usizidi.

Basi. Usizidi nini? Kinachofuata kiko ukurasa wa tisa.

Mie muda wote nimeuliza maneno, sikuuliza urefu. Na mistari mirefu tumeitengeneza sisi wenyewe, wiki iliyopita, kwa kusahihisha.

Nilipekua nyumba. Chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, ndani ya debe la unga. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka ukili, kila nikipita anasuka kwa haraka zaidi.

"Mama, nisaidie kukumbuka. Karatasi moja, ina maandishi upande mmoja, upande mwingine nyeupe."

"Mie nakumbuka nini, mtu mzima."

"Mama. Boti inaondoka kesho. Isipopatikana, watoto wa Mtangani wanarudi kwenye madaftari ya kulowa."

Mikono ikasimama. Akanitazama, halafu akatazama rafu ya juu ambako Yasini yake inakaa, kwenye kitambaa.

"Ilikuwa sakafuni," akasema. "Nikaona karatasi ngumu, nzuri. Yasini yangu jalada limechanika tangu mfungo. Nikaivalisha. Ulipouliza, nikaona haya. Nitakuvulia kitabu cha Mungu kwa ajili ya mashine?"

Sikujua nicheke au nilie. "Mama, huna kosa. Nivulie."

"Katawadhe kwanza."

Nilitawadha, mvua inapiga bati, muda unakwenda. Alikataa nishike kwa mkono mmoja. Tuliivua pamoja, pole pole, mikunjo minne, na ndani ya mkunjo wa kushoto, pale jina lake alipoandikiwa na mwalimu, ndipo ilipokuwa namba: herufi mia mbili hamsini na tano.

Mama aliivika Yasini kitambaa chake safi cha Idi. Mie nikakimbia.

Ofisini jenereta imeshazimwa, Tamimu anafunga mlango. Nilimwonyesha. Akakaa kwenye ngazi.

"Tumekwisha," akasema.

"Hatujaisha. Nipe karatasi."

Karatasi ya mashine ya kuchapia inabeba herufi themanini kwa safu. Mstari ukienda safu tatu na herufi kumi na tano, umefika kikomo. Nilichana kipande cha ukili nilichotoka nacho begani bila kujua, nikakikata urefu wa herufi kumi na tano, nikapita kurasa zote nikipima kila mstari ulioingia safu ya nne. Tamimu alisoma namba, mie nikapima. Mistari saba ilipita ukili. Mmoja wao ni ule wa surua.

Kuikata tunajua: mstari mmoja unakuwa miwili, wa kwanza unamrusha msomaji mbele kama sharti halikutimia. Lakini kuikata kunataka kompyuta, kompyuta inataka jenereta, na dumu la mafuta limebaki harufu. Mratibu alikuja, akasikiliza, akasema kwa kweli mafuta ya wiki yamekwisha na ya gari ni ya kwenda Nyamisati, akiyagusa disketi haina gari.

Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe akija na mvua, kanga imemganda, Tabu mgongoni amefunikwa nailoni, na kichwani galoni ya dizeli.

"Jenereta yenu huzimwa saa sita, najua. Nimetoka kwa Saadi wa mashine ya kusaga," akasema. "Mkewe mie ndiye niliyemcheza mwali. Hawezi kuninyima." Akaitua. "Hii ni ya jalada langu. Sasa someni mmalize."

Tamimu aliichukua kwa mikono miwili. "Mama, huku kwenu nimekamatwa viatu, leo nakamatwa na moyo."

"Moyo wa Mnyamwezi wa kazi gani," akasema mama. "Washa."

Aliwasha. Kabla ya magharibi mistari saba ilikuwa kumi na tano, mmoja umekatwa mara mbili, nami nimeipima yote kwa ukili kwenye karatasi mpya. Hakuna uliopita.

Leo alfajiri gari limeondoka.

Jumapili, 28 Aprili

Idi Kubwa. Ubwabwa, kuku mmoja kwa watu tisa. Mshamu amefika jana na kigunia cha mpunga mpya, tope mpaka magotini. Tabu hakumtambua, akalia, kisha akamshika ndevu. Njia ya delta imefungwa. Hakuna habari.

Ijumaa, 3 Mei

Hakuna habari.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna habari. Mratibu amechora alama ya kuuliza kwenye ramani, juu ya Mtangani. Kwa penseli, angalau.

Jumanne, 14 Mei

Nahodha Kondo kaingia ofisini analowa, kavaa nailoni kama kilemba, na mkononi chupa ya chai iliyofungwa kizibo. Ndani ya chupa, karatasi imesokotwa.

"Bi Siti kasema nisipoileta kavu nisirudi," akasema.

Ilikuwa orodha, imechapwa na mashine ya Mtangani. Majina ishirini na sita, umri, siku, sindano. Pembeni kila jina limewekwa tiki kwa kalamu ya Bi Siti, isipokuwa matatu, ambapo ameandika: "hawa wako mashambani, nawafuata kwa mtumbwi." Chini kabisa: "Syntax hajaonekana tena. Nadhani amehama. Mwambieni aliyemfukuza ahsante."

Mratibu aliisoma mara mbili. Akafuta alama ya kuuliza, akatuambia mashine ibaki ilipo. Mie nilijikuta nimeshika kijiti nasoma ile karatasi neno kwa neno, limo, limo, limo, mpaka macho yakaingia maji.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zimepungua, leo nepi zimekauka kabla ya saa saba.

Tamimu kanionyesha siri yake. Ameliingiza daftari langu lote la makatazo ndani ya programu, pamoja na kipimo cha ukili. Programu hiyo haihesabu watoto. Inasoma programu nyingine kama ninavyosoma mie, bila kuiendesha, na ikikuta kitu ambacho babu hakijui inatoa namba ya mstari. Ameipa jina MAMATABU, herufi nane kamili, kompyuta haikubali tisa.

"Na ikikuta kosa inasema nini?" nikamuuliza.

"Utaona."

"Sasa ipe kitu isome."

"Nimpe nini?"

"Ajisome mwenyewe kwanza. Mtu anayekagua wenzake aanzie kwake."

Akacheka, akabonyeza. Mashine ikatulia kidogo, ikaandika mistari kumi na minne, na mbele ya kila mmoja: LETE KIATU.

Niliisoma. Kumi na mitatu ilikuwa ile orodha yenyewe ya makatazo aliyoihifadhi ndani, kama askari aliyebandika picha za wezi ukutani kisha akazikamata picha. Hiyo nikamsamehe. Wa kumi na nne nikauwekea ukili juu ya karatasi. Umepita herufi sita.

"Mama Tabu, hii ni ya mashine mpya, haiendi Mtangani!"

"Leo haiendi."

Alinitazama, akamtazama Mratibu, hakuna aliyemtetea. Akainama mwenyewe, akakivua cha kushoto, akakiweka mezani kwangu. Tabu, aliyekuwa ametambaa mpaka chini ya meza, akasimama kwa mara ya kwanza maishani mwake ili akifikie.

Jioni mama mkwe amepika mkate wa kumimina. Anasema ni wa khitma.